Mstari Wangu Katika Kitabu cha Bir Salim

Dada yangu Najat aliishi na baba yetu miaka thelathini na minane. Mimi, tangu nipate akili, niliishi naye siku nne.

Hesabu hiyo nilikuwa nikiipiga kichwani asubuhi ya Jumatatu, nilipomwona akitoka kwenye milango ya uwanja wa ndege wa Guangzhou, kusini mwa China, anavuta begi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili amekumbatia bahasha nene ya kaki. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Tulizungumza kwa simu tu, kwa muda wa miaka miwili, tangu baba alipofariki na yeye akaitafuta namba yangu kwa watu wa Unguja. Lakini nilimtambua kabla hajainua mkono. Alikuwa na paji la uso langu.

Baba aliondoka Unguja mwaka 1971, mimi nina mwaka mmoja. Alikwenda Oman, kama walivyokwenda wengi wenye asili ya huko miaka ile, akaingia jeshini. Alipigana vita vya Dhofar, akaendelea na utumishi mpaka ndevu zikaanza kupata mvi, na alipostaafu hakutaka kukaa Maskati. Yeye na wenzake kumi na mmoja, wote wazaliwa wa Unguja na Pemba, walihamia jangwani, mahali panapoitwa Bir Salim, ambapo kikosi chao kiliwahi kuchimba kisima. Walijenga nyumba kumi na mbili kukizunguka kisima hicho, wakaleta wake zao na watoto wao, wakazeekea hapo. Sasa wamekufa wote isipokuwa mmoja, naye hasikii tena.

Najat ni mwalimu. Aliona wazee wale watasahauliwa, kwa hiyo akaamua kutengeneza kitabu. Kila mzee angepata ukurasa wake: picha, habari za maisha yake kwa ufupi, na chini majina ya watoto wake, kila mtoto na kumbukumbu moja ya baba yake. Zingechapwa nakala mia tatu, zigawiwe mwezi wa Januari familia zote zitakapokutana Bir Salim. Huku kuchapa ni rahisi, na huku nipo mimi. Uwakala ndio kazi yangu kwa miaka kumi na tisa sasa. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja huniagiza, nami natafuta kiwanda, nakagua mali, nasimamia mpaka kontena linafungwa. Kichina nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma maandishi ya kwenye maboksi, neno moja kila siku.

Ndani ya teksi Najat alinifungulia bahasha. Akanionyesha ukurasa wa baba, ambao ulikuwa wa saba. Majina yalikuwa matano: Najat, Muzdalifa, Kazija, Sufian, halafu Pandu. Kila jina lilikuwa na maneno mbele yake isipokuwa la mwisho.

“Maneno ya wote yapo,” akasema. “Umebaki wewe, kaka. Sentensi mbili tatu tu, kabla ya Alhamisi.”

Nilimwambia hakuna tabu. Ni jibu ninalowapa wateja hata ninapojua kuwa tabu ipo.

Ofisi yangu iko Zhanxi, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya viatu vya jumla. Chumba nakichangia na Floribert, Mkongo wa Lubumbashi anayesafirisha viatu vya watoto. Najat alipoingia na kusalimia, akapita moja kwa moja hadi dirishani, akalifungua, akapanga upya karatasi zangu mezani, halafu akaomba kuonyeshwa choo. Floribert akamsindikiza kwa macho.

“Grand frère,” akaniambia, yaani kaka mkubwa kwa Kifaransa, “ule dada yako anatembea sawa commandant. Weye unatembea sawa mtu mwenye kupoteza funguo.”

Nilicheka, maana ni kweli, yeye alitembea kama kamanda. Lakini neno lile lilinikaa. Mwendo ule aliupata kwa kumfuata mtu nyuma, mwaka hadi mwaka, na mimi sikuwa na wa kumfuata.

Siku ile na iliyofuata nilisoma kurasa zote kumi na mbili. Ni kawaida yangu kusoma mali kabla ya kuipeleka kiwandani, hata kama ni maandishi ya kwenye kopo la rangi. Naweka rula chini ya mstari, nausoma, nashusha rula. Safari hii nilisoma polepole zaidi.

Kulikuwa na mzee Ussi, aliyekuwa dereva wa lori la jeshi. Alipostaafu alikinunua kiti cha lori lake, akakiweka barazani, na ndicho alichokalia mpaka alipofariki. Kulikuwa na mzee aliyekuwa mpishi wa kambi, ambaye kwa miaka ishirini hakujua kupika chakula cha watu saba. Alipika cha watu mia, kisha wanawe wakakizungusha nyumba kwa nyumba. Mwingine alijaribu kupanda muhogo mchangani misimu minane, akaandika katika daftari sababu za kila msimu kushindwa. Kila Ijumaa baada ya sala wazee wote walisimama mstari mmoja mbele ya kisima kwa kufuata namba zao za jeshi, mmoja akazisoma, kila mtu akaitika. Mmoja wao alipokufa, namba yake iliendelea kusomwa, na aliyekuwa karibu na nafasi yake akaitikia.

Niliwaonea wivu watoto wa wazee wale wote, hata wasionihusu. Nilimwonea wivu mtoto wa mpishi, aliyezunguka na sufuria juani. Nilimwonea wivu mwanamke mmoja aliyeandika kwamba baba yake hakumsemesha mwaka mzima kwa sababu alivunja redio. Niliwaza: mtu akikununia mwaka mzima, maana yake yupo nyumbani mwaka mzima.

Halafu nikafika ukurasa wa saba. Kumbukumbu ya Najat ilikuwa ya kwanza. Nitaiandika kama ilivyo:

“Siku za dhoruba ya mchanga baba alinifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akajifunga yeye, tukaenda skuli hivyo. Sikuona kitu chochote mbele yangu ila kamba, na kamba ilikuwa inavuta.”

Niliisoma mara nyingi. Jumanne nilichukua karatasi nikajaribu kuandika ya kwangu. Niliandika kwamba baba alikuwa mtu wa heshima, nikafuta. Niliandika kwamba nilimkumbuka daima, nikafuta, kwa sababu huwezi kumkumbuka daima mtu aliyekuacha una mwaka mmoja. Kila nilichoandika kingeweza kuandikwa na mtu yeyote juu ya baba yeyote.

Jumatano nilimpeleka Najat mtaa wa Yide Lu, kwenye duka la kuchapia ninalolitumia, lililo nyuma ya maduka ya madaftari na kalamu. Mwenye duka ni mama mmoja tunayemwita Bi Liang. Hapa kila mwenye duka huitwa laoban, yaani bosi, lakini yeye kwa umri wake na upole wake tumemzoea kwa jina la Bi. Hupanga kurasa mwenyewe kwenye kompyuta. Hajui Kiswahili hata neno. Hunakili herufi kama mtu anayesuka ukili, na huwa hakosei. Alichukua faili la Najat, akasema prufu, yaani karatasi ya majaribio, itakuwa tayari kesho alasiri.

Tulirudi kwa miguu kupitia maduka ya samaki wakavu. Najat alikuwa amechangamka, akawa ananihadithia habari za nyumbani kwao. Alisema baba alikuwa mgumu. Alfajiri aliwaamsha kwa filimbi. Kabla ya skuli kila mtoto alisimama pembeni ya kitanda chake, baba akapita kukagua shuka, na yenye mkunjo aliivuta yote chini. Muzdalifa alikuwa akilala juu ya mkeka ili asiharibu kitanda alichokwisha kukitandika. Hata kucha zilikaguliwa. Najat alicheka huku anaeleza, akanishika bega.

“Wallahi una bahati wewe, kaka Pandu. Hukuishi naye.”

Alikuwa anatania, na mtu mwingine angetaniana naye. Mimi niliongeza mwendo. Nilikwenda naye mpaka mlangoni mwa hoteli yake Liuhua nikamuaga vizuri, lakini moyoni nilikuwa nimefura. Mtu aliyeshiba alikuwa ananiambia chakula kilizidi chumvi.

Alhamisi nilikwenda Yide Lu peke yangu. Najat alikuwa anatafuta zawadi za wakwe zake. Nilikuwa sijaandika kitu. Bi Liang alipofungua ukurasa wa saba kwenye kompyuta, nikaona jina langu limekaa chini kabisa, baada ya Sufian, mtoto wa mwisho, aliyezaliwa miaka ishirini na miwili baada yangu. Nikajiambia kuwa hilo si sawa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa baba yetu, Nassor, na hilo halikuhitaji kumbukumbu wala ushahidi. Nikamwomba Bi Liang alitoe jina la mwisho alilete juu. Akaitika “mei wenti”, hakuna tabu, akafanya kama nilivyosema: akalichukua jina, akaliweka juu. Mengine yote yakashuka hatua moja.

Alipochapa prufu na kunipa, niliona kilichotokea. Ukurasa ulikuwa na safu mbili, majina kushoto na kumbukumbu kulia. Bi Liang alihamisha safu ya majina tu, kwa kuwa hilo ndilo nililomwambia, na hakuwa na njia ya kujua kuwa maneno ya kulia yana wenyewe. Sasa juu kabisa iliandikwa Pandu, na mbele yake: “Siku za dhoruba ya mchanga baba alinifunga kamba kiunoni.”

Huku kuna desturi moja isiyovunjwa. Mashine haiwashwi mpaka mwenye kazi, au wakala wake, aisome prufu na kuisaini. Ukishaisaini, kosa lolote ni lako. Nimewafundisha wafanyabiashara wengi wa nyumbani wasisaini kwa haraka. Nimewakemea. Na mimi nilisimama pale, rula iko kwenye mkoba, nikausoma mstari wa kwanza, nikausoma tena, nisishuke chini. Nilijiona nina miaka saba. Nilihisi kitu kinanibana kiunoni. Bi Liang akauliza kama iko sawa. Nikasema iko sawa, nikasaini.

Jioni Najat alinipigia kuuliza prufu. Nikamwambia nimeshaisaini na kesho baada ya chakula cha mchana wataanza kuchapa. Akauliza kama na yangu nimeitia. Nikamjibu kuwa mahali pangu pameshajaa. Akasema, “Basi, kama umeshaangalia wewe, mimi sina wasiwasi.” Nilifikiri maneno yale yataniuma, na hayakuniuma sana. Nilijiambia kuwa yeye atabaki na kamba yenyewe, na mimi nitakuwa na maandishi tu. Mgawo huo niliuona wa haki.

Ijumaa, baada ya sala, tulikula tambi za nyama ya kondoo katika mkahawa wa Waislamu wa kaskazini, karibu na hoteli yake. Najat alikuwa na utepe wa hariri wa kijani alioununua asubuhi. Alinieleza kuwa anataka kuutia katika nakala ya mama yake, ukurasa wa saba, ili mama afungue hapo hapo bila kutafuta. Mama yake haoni vizuri. Atamwomba mtu amshike kidole akiweke kwenye mstari wa Sufian.

Nilijua kuwa Sufian alikufa. Gari lake lilipinduka kwenye njia ya jangwani mwaka 2019. Ambalo sikulijua ni ulikotoka mstari wake. Najat akaniambia: aliuokota katika daftari lake la darasa la pili. Mwalimu aliwaambia waandike juu ya baba zao, na Sufian akaandika, “Baba akipiga mluzi ngamia wa jirani wanasimama. Mimi nikipiga hawasimami.”

“Hiyo ndiyo iliyonifanya nikianze kitabu,” akasema. “Mama kila siku ananiuliza, maneno ya Sufian umeyaweka wapi.”

Niliweka chini vijiti vya kulia tambi. Hapo tu ndipo nilipoushuka ukurasa ule kichwani, mstari kwa mstari, kazi ambayo jana yake ningeifanya kwa dakika mbili. Ya Najat ilikuwa kwangu. Ya Muzdalifa ilikuwa kwa Najat, ya Kazija kwa Muzdalifa, na ya Sufian kwa Kazija. Sufian alikuwa chini kabisa, mbele yake hapana kitu.

Nikamwambia Najat kuna kosa katika prufu na lazima niende sasa hivi. Akasema tunakwenda wote. Katika teksi aliniuliza mara mbili ni kosa gani, nikajibu ni la kupanga. Hakuuliza mara ya tatu. Alikaa wima, mikono magotini, na kila taa nyekundu iliyotusimamisha niliona anaitazama kama askari aliyechelewa kwenye zamu.

Tulipoingia dukani mashine ilikuwa inanguruma. Nikamwita Bi Liang kwa sauti ambayo hajapata kuisikia kwangu, akaizima. Karatasi za ukurasa wa saba zilikuwa zimeshatoka, rundo zima, wino wake haujakauka vizuri. Kabla sijapata la kusema Najat alichukua moja. Akasoma kwa kidole, kama wanavyosoma walimu. Kidole kikatua juu, kikashuka taratibu, kikafika kwa Sufian, kikabaki pale.

Nikamweleza yote, tangu jina nililolihamisha mpaka saini. Sikumtupia Bi Liang kosa hata kidogo, alifanya alivyoambiwa. Sikusema kuwa sikuona. Nilisema niliona, nikaacha.

Nilimtarajia afoke, na ningependa afoke. Yeye alirudisha kidole juu, kwenye jina langu.

“Ulikuwa unaitaka ya kamba?”

“Nilipoiona ipo kwangu, sikuweza kuitoa.”

“Basi ichukue,” akasema. “Ya Sufian irudi mahali pake, na za wadogo zangu zirudi. Ya kamba ichukue wewe. Mimi ninazo nyingine nyingi, nitaandika nyingine hapa hapa.”

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa huruma, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Na kwa muda wa wiki ile nzima sikuwahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea pale. Alikuwa anaitoa kumbukumbu ya baba kama mtu mwenye sanduku la kanga anavyomtolea mgeni moja, bila hata kuangalia ni ipi, kwa sababu sanduku limejaa. Ningepungukiwa mimi na moja, ningebaki sina kitu. Yeye hangejua hata kama imetoka.

“Hapana,” nikamwambia. “Iache kwako.”

Nilivuta kiti nikakaa karibu na Bi Liang. Tulirudisha majina, moja moja, kama alivyoyapanga Najat. La kwangu nikalirudisha chini. Hapo nilikuwa nimeshaacha kujali juu na chini. Nikakagua kila neno limekaa na mwenyewe. Ulipobaki mstari wa tano, Bi Liang akaninong'oneza kwa Kichina kama mahali pale pabaki wazi. Nikamwambia pasibaki wazi, na nikaanza kumsomea herufi moja moja, naye akazibonyeza na kunisomea alizoandika:

“Alikuja Unguja siku nne, mwaka 1988. Siku tatu nilimkimbia.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na hasira ya miaka hiyo yote. Alifikia kwa shangazi, na mimi nikashinda kwa rafiki yangu mtaa wa pili, nikirudi usiku kulala na kuondoka kabla hajaamka. Siku ya nne shangazi alinishika masikio, akanilazimisha nimbebee begi. Tulikwenda kwa miguu kutafuta teksi ya uwanja wa ndege. Tulipofika barabara kuu, kabla ya kuvuka, baba akanishika kifundo cha mkono bila kuniangalia, kama anavyoshikwa mtoto wa miaka minne. Nilikuwa nimeshamzidi kimo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akanivusha, na hakuniachia mpaka tukafika ng'ambo. Jambo hilo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Najat alikuwa nyuma yangu, anasoma kwenye kioo cha kompyuta.

“Baba alikwenda Unguja?” akauliza.

“Mara hiyo moja.”

“Sisi alituambia hajarudi hata mara moja. Alisema hawezi kuiona tena.” Akavuta kiti cha pili, akakaa, amekaza uso. “Tulimwomba atuhadithie Unguja mpaka tukachoka. Alikuwa anasema amesahau.”

Bi Liang alichapa prufu mpya, akaniwekea mbele yangu. Nikaisoma yote, mistari yote mitano. Najat hakuitazama. Alikuwa ananitazama mimi.

“Na siku ya nne, kaka? Ilikuwaje siku ya nne?”

Nililijua tazamo lile. Nilikuwa nalo tangu Jumatatu, tangu pale uwanja wa ndege. Nilijua kuwa nitamwambia, na kwamba ana haki ya kuambiwa, na kwamba nikishamwambia itakuwa yetu sote wawili, naye ataiweka pamoja na zile nyingine zake nyingi.

“Nitakueleza,” nikamwambia, nikasaini.

Lakini dukani pale sikumweleza, wala tulipotoka nje. Nilitaka nibaki nayo peke yangu kidogo zaidi, japo kwa mwendo wa kutoka Yide Lu mpaka kituo cha metro. Dada yangu akatembea pembeni yangu, akipunguza hatua zake ili zilingane na zangu, anasubiri.